Aliyemngoja Saado Kwenye Sijda

Saado Bare aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa kwa miaka mingi, na hakuna mtu sokoni aliyewahi kumwona akiogopa. Madereva wa malori aliwatukana akiwa ametulia zake. Askari wa kaunti walipokuja kuwafukuza wachuuzi, wenzake walikimbia na madumu yao, yeye akakaa juu ya dumu lake akawauliza kama mama zao waliwalea kwa chai ya rangi. Basi mwanamke huyo huyo, kila adhana ilipolia, aliingiwa na hofu. Saado aliogopa kusujudu.

Hapo tuelewane vizuri, maana mtaani kwao Bulla Iftin habari hii imesemwa kwa namna nyingi, na wengi wa wasemaji walitia chumvi ya kutosha ngamia mia. Saado hakuwa mvivu wa ibada. Alitawadha mapema, akatandika mkeka mapema, akasimama kama anavyosimama Mwislamu yeyote. Tatizo lilikuja pale paji la uso lilipogusa mkeka na tumbo likabanwa na mapaja. Moyo ulianza kugonga kifuani mpaka akausikia kwenye meno. Kichwa kilipasuka kwa maumivu, jasho baridi likamtoka, mikono ikatetemeka, uso ukaisha damu. Halafu likaja lile jambo ambalo hakumwambia mtu. Alijua kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

Hakumwona hata siku moja. Alimjua tu, kama unavyojua mtu kaingia chumbani ingawa umefumba macho. Na alimsikia akihema: fuu, fuu, fuu, pumzi nzito za haraka, karibu kabisa na sikio. Saado akiinuka na kukaa wima, yule mtu alibaki kidogo, kama anayefikiria, kisha akaenda zake. Ndani ya chumba hapakuwa na kitu ila mkeka, kanzu za marehemu mume wake ukutani, na joto la Garissa linalojulikana.

Kwa muda mrefu aliificha siri yake. Alisali nyumbani, akajifunza kushuka akiwa ameegemea viwiko ili tumbo lisibanwe, na akawa anaomba msamaha kwa Mola kwa sijda zake za nusu nusu. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Ramadhani ikafika, majirani wakamvuta kwenye tarawehe, na kule msikitini wanawake wamepangana bega kwa bega, huwezi kutanua viwiko. Katika rakaa za kwanza tu aliinuka mweupe kama majivu, macho yamemtoka, akapiga ukelele na kuanguka juu ya mama aliyekuwa nyuma yake. Kabla ya daku mtaa mzima ulikuwa na habari: Saado ana jini, na jini wake hataki asujudu.

Uzito wa neno hilo unategemea mahali unapoishi. Mtu akiambiwa ana jini wa kawaida, watu humwonea huruma. Jini anayechukia sijda ni kitu kingine, kwani hiyo ni kazi ya Ibilisi mwenyewe. Wateja wakaanza kulipita dumu la Saado huku wakitazama pembeni. Mama mmoja aliyekuwa akinunua kwake tangu zamani alimwambia waziwazi kwamba maziwa ya nyumba hiyo hayampiti kooni. Saado alicheka mbele yake, kisha akaenda nyuma ya maduka ya nguo akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Mama yake, Maryan, alikufa akisali. Ilikuwa Habaswein, asubuhi ya Idi, watu wamejaa uwanjani. Imamu aliposema Allahu akbar safu zikainuka, na Maryan akabaki chini. Wazee walisema ni kifo cha heri, nani asiyetaka kufa paji lake likiwa ardhini. Lakini wanawake waliomgeuza walinyamaza. Saado na dada yake mkubwa, Nimo, walikuwa pale wakauona uso wa mama yao: macho wazi, midomo imekauka, sura ya mtu aliyegeuka na kumwona anayemfuata. Tangu siku hiyo hawakuizungumza habari hiyo, hata wao kwa wao. Saado alijiambia moyoni kwamba mwenye pumzi alimaliza kwa mama, akahamia kwa binti.

Nimo ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba. Kiwanja kilikuwa chake, mbuzi walikuwa wake, na ulimi ulikuwa wake zaidi. Alimlea Saado baada ya mama yao kufa, kwa hiyo alimsema kama mtu anavyomsema mtoto. Alikuwa mkali wa dini. Kwa miaka mingi alikuwa akisali ameketi kwenye kiti cha plastiki chumbani mwake, pazia limefungwa, kwa sababu ya magoti, alisema. Nimo ndiye aliyempeleka Saado kwa Sheikh Mohamud, msomaji anayeheshimika, asiye na tamaa ya vitu vya watu.

Sheikh alisoma, Saado akalala chali akiwa ametulia. Sheikh akaona ajabu, kwa kuwa wenye majini wa kweli hupiga kelele wakisikia aya zile. Akafanya kama afanyavyo yeye pale jini anapokaidi: akamwambia Nimo aweke kiganja tumboni mwa mdogo wake, apapase polepole, na pale jini alipojificha, abane. Nimo akapapasa. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, akagusa kitu kigumu. Akakibana.

Saado alikunjika mwili mzima. Uso ulikwisha damu, jasho likalowesha mkeka, na akasema kwa sauti ambayo si yake, "Ananihemea. Ananihemea." Nimo aliutoa mkono haraka kama aliyeshika makaa. Sheikh Mohamud alifunga msahafu. Alikuwa mtu mzima aliyeyaona mengi, na alisema lililo la haki, "Majini hawana uvimbe. Hiki mlichokishika ni nyama. Mpelekeni hospitali."

Wakaenda kwanza kliniki ndogo, wakaambiwa kuna uvimbe tumboni, pengine kwenye figo. Wakapelekwa hospitali kubwa, kwa Daktari Mahat, mpasuaji. Huyo alimpangia Saado upasuaji Alhamisi. Ila alikuwa na desturi moja: hapasui tumbo asilolijua. Akasema, "Kabla ya kisu nataka picha kamili. Nendeni kwa Halkano."

Daktari Halkano alikuwa Mborana wa upande wa Wajir, mpole, na kazi yake ilikuwa kusoma picha za ndani ya mwili. Kwa vile yeye hakujua Kisomali cha kutosha na wao hawakujua Kiborana, waliongea Kiswahili, na Kiswahili cha Saado kilikuwa kile cha sokoni. Chumba chake kilikuwa na giza mchana kutwa, madirisha yamefunikwa, na mashine ya baridi ilivuma juu ya vichwa vyao. Kwenye mti wa nje korongo wale wenye upara walikuwa wakigonga midomo yao. Saado hakupenda hata kidogo.

"Lala, mama. Nitakupaka dawa ya baridi tumboni, halafu nitapitisha hiki," Halkano alisema, akimwonyesha kifaa kidogo kinachoshikwa kama sabuni. "Hakichomi wala hakikati. Kinatuma sauti ndani, sauti inarudi, mashine inachora."

"Sauti gani? Mimi sisikii kitu," Saado alisema.

"Hiyo ya kuchora picha mwanadamu haisikii."

Saado akamtazama dada yake. Nimo alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya mlango, ushungi umemfunika mpaka nyusi, tasbihi ikizunguka vidoleni.

Kwenye kioo palikuwa na kijivu tu, ukungu unaosogea. Halkano alitaja vitu alivyovipita, ini, bandama, figo, akiongea nusu na nafsi yake. Kisha akaacha kuongea. Mkono wake ulikuwa umesimama chini ya mbavu za kushoto. Pale, juu ya figo, kando ya mshipa mkubwa wa damu, palikuwa na kitu cha mviringo. Saado alikiona mwenyewe. Kilikuwa kimetulia gizani, kimekunjamana, na katikati yake palikuwa na weusi.

"Si figo," Halkano alisema polepole. "Kimekaa juu ya figo. Ngoja nitazame damu yake."

Akabonyeza kitufe, na kile kitu kikawaka rangi. Nyekundu na buluu zilikizunguka, zikaingia ndani yake, zikatoka. Halkano akabonyeza kitufe kingine, na chumba kizima kikajaa sauti.

Fuu. Fuu. Fuu.

Ilikuwa ile ile. Ile ya kwenye mkeka, ya karibu na sikio, nzito na ya haraka, ila sasa ilitoka kwenye mashine na kila aliyekuwemo aliisikia, hata muuguzi aliyemfunga kipimo cha presha mkononi. Nywele za mikono zilimsimama. Akageuza kichwa amtafute Nimo, akamwona ameacha tasbihi ikaanguka, masikio ameyaziba kwa viganja vyote viwili juu ya ushungi.

"Ni nani huyo?" Saado aliuliza.

"Si mtu, mama. Ni damu yako. Mashine inatusikilizisha damu inavyokimbia kwenye mishipa ya hiki kitu." Halkano akakaza mkono kidogo ili aone vizuri zaidi.

Mwenye pumzi akaja. Alikuja kama siku zote, nyuma ya kichwa, ingawa nyuma ya kichwa chake palikuwa na mto na ukuta. Moyo uligonga, jasho likabubujika, na sauti ya mashine ikapanda: fuufuufuufuu, haraka mpaka ikawa mlio mmoja. Kipimo cha presha kilichokuwa mkononi mwake kikaanza kulia. Halkano akatoa kifaa mara moja, akamketisha wima, akamshika mabega, akamwita muuguzi amsaidie. Walimkalisha vile vile mpaka rangi ikamrudia usoni. Halkano naye alikuwa akitoka jasho, na chumba kile ni baridi.

"Hii imewahi kukutokea kabla?" aliuliza.

Nimo akadakia. "Ni uoga wa mashine. Hajazoea."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani hana shida. Labda akibeba madumu mazito."

"Katika familia kuna aliyekuwa na hali hii? Mama yenu je?"

"Mama alikufa uzee," Nimo alisema, akasimama kutaka kuondoka.

Halkano hakumtazama. Alivuta kiti akakaa mbele ya Saado, macho yao yakawa sawa. "Mama, sikiliza. Mahali hapa hukaa uvimbe wa aina nyingi, na kwenye kioo hufanana. Picha inanipa mashaka, hainipi jibu. Nikiandika ni uvimbe wa kawaida, Alhamisi utakatwa. Lakini kuna mmoja ambao ni nadra sana, watu wengi katika kazi yangu hawajauona. Huo ukiguswa unamwaga sumu ya hofu kwenye damu. Presha inaruka, moyo unaenda mbio. Mimi nimeugusa kwa kifaa tu, na nje ya ngozi. Daktari Mahat ataushika kwa mkono, umelala huna habari. Kama ni huo na hatukukutayarisha, utafia mezani. Sasa niambie ukweli. Hali hii huja ukifanya nini?"

Kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, Nimo akamwambia anyamaze. Akamwambia asilivue jina la nyumba yao nguo mbele ya mgeni.

Saado alitazama kioo. Kile kitu kilikuwa bado pale, Halkano amekigandisha, kimelala na rangi zake. Aliona haya iliyomchoma masikio. Kumwambia mwanamume, tena Mwislamu mwenzako, kwamba mwili wako unakataa sijda, ni heri uvuliwe ushungi sokoni. Lakini alikuwa amechoka, maskini. Amechoka kuogopa mkeka wake mwenyewe.

"Ni kama nasujudu," alisema. "Daktari, kila siku nikisujudu hiyo kitu nakuja. Mama yangu ilimuua kwa sijda ya Idi. Sasa ni jini ama si jini, mimi sijui."

Saado alingoja acheke, au asome audhubillahi na kusogea nyuma kama walivyofanya wengine. Badala yake Halkano alisema, "Ukisujudu tumbo linabanwa. Likibanwa, nacho kinabanwa." Akapitisha kiganja usoni, na sauti yake ikawa na uzito. "Umejiokoa, mama. Wallahi umejiokoa."

Aliinua simu hapo hapo akaongea na Daktari Mahat, na upasuaji wa Alhamisi ukafutwa. Mkojo wa Saado ukapelekwa maabara Nairobi, na majibu yakarudi yakisema kile alichokihofia Halkano. Akapewa vidonge vya kuilegeza mishipa, akaambiwa anywe maji mengi na asiogope chumvi ili mishipa ijae damu, akatembea na dawa hizo majuma kadhaa mpaka presha ikatulia. Siku ya kupasuliwa walikuwepo madaktari wawili wa usingizi, mmoja ameletwa makusudi. Daktari Mahat alisema baadaye kwamba alipokigusa kile kitu, pamoja na matayarisho yote, presha iliruka kama mbuzi aliyeona fisi, na chumba kizima kikasimama kusubiri. Ilishuka. Kikatolewa, cha ukubwa wa limau, na Saado akaamka akiomba chai.

Kidonda kilipokauka, akaruhusiwa kusujudu. Alitandika mkeka mchana kweupe, mlango wazi, atakayeona na aone. Akashuka polepole, paji likagusa mkeka, akangoja. Moyo ulikwenda mwendo wake. Nyuma hapakuwa na mtu. Alikaa chini vile muda mrefu kupita desturi, machozi yakidondoka kwenye mkeka, na alipotoa salamu alisikia kuku wa jirani wakichakura, basi.

Furaha hiyo ilimkaa mpaka alasiri. Nimo alikuwa uani akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa vijiti, amechuchumaa, anapuliza makaa, anainuka, anachuchumaa tena. Saado alikuwa amemtazama dada yake akifanya kazi hiyo maisha yake yote. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyatazama magoti yake. Yalikunja na kukunjua bila tatizo.

Mkono wa Saado ulisimama hewani na kikombe. Alikumbuka kiti cha plastiki. Alikumbuka pazia. Akakumbuka giza la chumba cha Halkano na viganja viwili juu ya ushungi. Wakati ule alidhani Nimo ameziba masikio kwa woga tu, kwani nani asingeogopa. Lakini muuguzi aliposikia sauti ile alishangaa. Nimo hakushangaa.

Alikwenda akachuchumaa kando yake, kidonda kikimvuta. "Abaayo," alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utotoni. "Ile sauti ya hospitali. Kwa nini uliziba masikio?"

Nimo aliendelea kupuliza makaa ambayo tayari yalikuwa yamewaka. "Kelele tu."

"Magoti yako hayana kitu."

Moshi ulipanda katikati yao. Nimo aliweka chombo chini, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, akajifuta tena.

"Niliziba kwa sababu niliijua," alisema.

Saado alihisi baridi ikimpanda mgongoni, na jua la Garissa lilikuwa likichoma mabati. Alitaka kukasirika. Mwanamke huyu alimburuta kwa sheikh, akamwekea mkono tumboni, akamwambia anyamaze mbele ya daktari, na muda wote huo alikuwa nacho. Hasira ilifika kooni ikaishia hapo, maana aliuona uso wa Nimo. Ulikuwa uso wa mama yao, kule uwanjani.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe huna meno ya mbele." Nimo alinong'ona. "Hukumjua aliyesimama nyuma yako. Mimi namjua. Ni mama. Alikufa vibaya, anataka kunionyesha kitu, na mimi miaka yote hii nimekataa kugeuka. Nimekaa kwenye kiti nikimkimbia mama yangu mzazi."

Saado akamwaga maji juu ya makaa. "Simama. Daktari yupo leo."

Safari hii Saado ndiye aliyekaa kwenye stuli kando ya mlango. Halkano hakubana, aliteleza juu juu ya ngozi, taratibu, presha ikipimwa kila mara, Nimo akiwa nusu ameketi na macho ameyafumba. Ini likapita, bandama ikapita. Mkono ukasimama. Halkano akamtazama Saado kwa upande, akabonyeza kitufe.

Fuu. Fuu. Fuu.

Saado, ambaye hakuwa nayo tena mwilini, aliisikia ikijaa chumba chenye giza, na mwili ulimsisimka vile vile. Akainuka akaushika mkono wa dada yake. Ulikuwa wa baridi, na ulibana kama mkono wa mtoto.

"Fungua macho, abaayo. Tazama."

Nimo alifungua jicho moja, kisha la pili. Kwenye kioo kile kitu kilikuwa kikihema rangi nyekundu na buluu.

"Si mama?" aliuliza.

"Si mama," Saado alimjibu.

Nimo alikitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani akamlilia Maryan, upya, kama aliyekufa asubuhi ile.